Njia nne za kuwafundisha watu wa kawaida kuhusu afya ya akili: ipi inafaa kijiji chako, shule yako au kikundi chako?

Kuna maneno ambayo nimeyasikia misibani mara nyingi mno, husemwa kwa sauti ya chini watu wakiota moto usiku: "Tulimwona amebadilika." Mama wa nyumba ya jirani aliona kijana ameacha kwenda shambani. Mwenzake wa kijiwe cha bodaboda aliona hapokei simu. Mwalimu wake wa zamani alikutana naye gulioni akamwona amekonda. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na hakuna aliyejua akifanyie nini.

Ndiyo maana nafurahi ninapoona vikundi vya Mafinga, Makambako na Tukuyu vinauliza: tukiwa na akiba kidogo, watu wetu tuwafundishe nini? Lakini majina ya mafunzo yanafanana sana, na wengi hukwama hapo. Mimi nilikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani upande wa Makete, enzi tunapita nyumba kwa nyumba kuwaangalia wenye VVU. Baadaye nilihudhuria mafunzo mawili kati ya haya manne, ya kwanza na ya mwisho, kisha nikakaa kwenye kamati iliyotakiwa kuchagua. Msomaji ajue hilo anapopima maneno yangu.

Vipimo vya kutumia

Anza na swali hili: baada ya semina kwisha, kesho yake asubuhi, unataka mtu wako aweze kufanya nini? Kumtuliza aliyetoka kwenye ajali ni kazi moja. Kutambua kwamba jirani ana ugonjwa na kumshawishi aende zahanati ni nyingine. Kukaa na mtu wiki baada ya wiki mpaka apate nafuu ni nyingine kabisa. Ukishajibu, tazama muda, kwa sababu mkulima wa viazi wa Isongole hawezi kukaa darasani siku kumi wakati wa kupanda. Tazama mfundishaji anatoka wapi na kama anahitaji kibali, maana fedha nyingi huishia kwake na kwenye nauli, chakula na ukumbi. Tazama nani anafaa kufundishwa. Tazama mipaka ya kile anachofundishwa. Na tazama, tafadhali, nani atakuwa naye baada ya cheti. Mradi mmoja ulitufundisha sisi wahudumu vizuri, ukatupa baiskeli na mabegi, halafu ukafunga ofisi. Wagonjwa waliendelea kubisha hodi kwangu usiku, na sikuwa na mtu wa kumuuliza kitu.

Kuna jambo moja ambalo nisingeliweka kwenye mizani, kwa sababu njia zote nne zinalihitaji: jueni njia ya rufaa kabla ya kuita semina. Nani zahanati kwenu anajua kumsikiliza mgonjwa wa akili? Dawa ziko kituo gani? Hospitali ya wilaya ina muuguzi wa afya ya akili? Juu ya hapo kuna hospitali za mikoa, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya, na kuna Mirembe ya Dodoma, iliyoanza mwaka 1927 na ndiyo hospitali ya taifa ya magonjwa haya. Kutoka kijiji cha ndani huko Makete hadi Mbeya ni nauli ya kuuza debe kadhaa za mahindi, kwenda tu. Ulizeni mapema nani atachangia.

1. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia

*Inafundisha nini.* Mwongozo unaotumika zaidi ulitolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake, na umejengwa juu ya maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mahali pana usalama na nani ana hali mbaya zaidi. Sikiliza bila kumchimba mtu. Muunganishe na ndugu zake, maji, blanketi, simu, zahanati. Ni kwa ajili ya saa na siku za mwanzo baada ya balaa: basi limepinduka Kitonga, nyumba imeungua, mtoto amezama mtoni. Wafanyabiashara wa Mbeya wanaokumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoungua mwaka 2006 wanajua mtu anavyoweza kusimama mbele ya majivu asisikie hata jina lake likiitwa.

Lililonigusa zaidi ni fundisho la kutomlazimisha mtu kusimulia. Mila yetu ya msiba inamtaka mfiwa amweleze kila anayeingia jinsi ilivyokuwa, kuanzia homa ilipoanza. Wapo wanaopata nafuu kwa kusimulia. Wapo pia wanaochanwa upya kila mgeni anapoketi, na mafunzo haya yanakufundisha kuwatofautisha, na kumwambia mgeni kwa adabu, "Shikamoo baba, mwache kwanza anywe uji."

*Muda na mfundishaji.* Siku moja inatosha, hata nusu siku kwa watu wenye haraka. Mwongozo ni bure. Muuguzi au afisa ustawi wa jamii aliyeandaliwa vizuri anaweza kuufundisha.

*Anayefaa.* Yeyote anayefika wa kwanza: bodaboda, kondakta, mgambo, mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa kanisa, mwalimu wa zamu.

*Baada ya mafunzo.* Hauhitaji usimamizi wa kila wiki. Lakini aliyebeba majeruhi barabarani naye anahitaji mtu wa kumwuliza amelalaje.

*Mipaka.* Haukufundishi kutambua sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) iliyokaa miaka miwili, wala kumsaidia anayesikia sauti. Kijiji kisicho na balaa la ghafla ila kina huzuni ya muda mrefu kitajikuta na vyeti visivyo na kazi.

2. Huduma ya kwanza ya afya ya akili

Jina linakaribia lile la juu, na hapa ndipo kamati nyingi huchanganya. Haya ni mafunzo mengine.

*Inafundisha nini.* Yalianza Australia mwaka 2000, yakiasisiwa na Betty Kitchener, muuguzi, na Anthony Jorm, mtafiti. Wazo lao ni lile la msalaba mwekundu: kama raia anaweza kufundishwa kufunga jeraha, anaweza kufundishwa pia kumsogelea mwenye sonona, mwenye hofu kali, mlevi aliyeshindwa kuacha, au anayeona visivyoonekana na wengine. Unafundishwa dalili, namna ya kuanza mazungumzo, kusikiliza bila kuhukumu, kutoa maelezo sahihi, kumhimiza mtu aende kwa mtaalamu na kumtafutia watu wa kumsaidia nyumbani.

Kwa huku kwetu kuna kazi ya ziada. Watu hawasemi "nina sonona". Wanasema "nina mawazo", "moyo unaenda mbio", "kichwa kinawaka", "usingizi umekimbia". Wengine wanasema wamelogwa. Mfundishaji mzuri hatawafundisha watu kubishana kuhusu uchawi mlangoni mwa mgonjwa. Atawafundisha kuuliza: unalala saa ngapi? Unakula? Tangu lini hutaki kuonana na watu? Mganga anaweza kuendelea kutembelewa na zahanati ikatembelewa vilevile.

Sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika mafunzo haya ni ile ya kujiua. Watu wengi huogopa kwamba ukimwuliza mtu kama anafikiria kujiua, utakuwa umempandikizia wazo. Sivyo. Kuuliza waziwazi, kwa upole, "Je, umefikia hatua ya kufikiria kujiua?" humpa mtu nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, msaidie ndugu waondoe sumu ya shambani na vitu vingine vya hatari, na mfikishe kwenye huduma siku hiyohiyo. Kwa wakulima wa nyanya na chai, kuhamisha dawa za mimea kutoka chumbani na kuziweka kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo kwa mtu mwingine, ni jambo dogo linaloweza kuokoa uhai.

Na hapa naomba niseme na wenzangu wa Iringa. Ule utani kwamba Mhehe akiudhika kidogo hujinyonga, tunaoupokea kwa kicheko harusini na kwenye mabasi, unawafunga watu midomo. Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, akiwa amezingirwa vitani. Kijana wa Kilolo aliyelemewa na deni hapati ushujaa wowote humo. Anachopata ni hofu kwamba akisema anaumia, watacheka. Sheria nayo inaongeza woga: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, hivyo familia huficha na kusema "aliteleza". Anayefundishwa lazima ajue jinsi ya kumfikisha mtu hospitalini kwanza kama mgonjwa.

*Muda na mfundishaji.* Kozi ya kawaida ni ya saa kumi na mbili, yaani siku mbili. Ina wenyewe: mfundishaji lazima awe amethibitishwa na vifaa vina haki miliki, kwa hiyo gharama hupanda. Zipo semina za mtaani zinazotumia jina hili bila uthibitisho. Nyingine ni nzuri tu, ila ombeni kuona ratiba, na kama sehemu ya kujiua haimo, kataeni.

*Anayefaa.* Walimu na walezi wa bweni, wasimamizi wa mashamba ya chai na viwanda vya mbao, viongozi wa dini, viongozi wa vijana.

*Baada ya mafunzo.* Kurudiwa kila baada ya muda, maana maarifa husahaulika. Mkutano wa miezi mitatu mitatu unasaidia.

*Mipaka.* Tafiti zimeonyesha wanaohitimu wanajua zaidi, wanapunguza unyanyapaa na wanajiamini kusaidia. Ushahidi kwamba wale wanaosaidiwa wanapona zaidi bado ni haba. Na yote yanategemea kuwepo kwa mtaalamu wa kumpelekea mtu. Mbeya mjini hilo linawezekana. Kwenye tarafa yenye zahanati moja na muuguzi mmoja, umefundisha watu kuelekeza njia kwenye barabara isiyofika.

3. Mshauri wa benchi

*Inafundisha nini.* Mwaka 2006, katika eneo la Mbare jijini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi kumi na wanne waliokuwa wahudumu wa jamii. Kilichomsukuma ni kifo cha mgonjwa wake, msichana aliyejiua baada ya familia kukosa nauli ya kumrudisha kliniki. Niliposoma hilo niliweka simu chini kwa muda, kwa sababu nauli hiyohiyo naijua. Bibi hao walifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza, kumsaidia kuorodhesha matatizo, kuchagua moja, kutafuta suluhisho linalowezekana na kurudi wiki ijayo kueleza lilivyokwenda. Hawakusema "sonona". Walisema *kufungisisa*, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, ambalo msomaji wangu ataona ni ndugu wa "mawazo" yetu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016, wenye watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha waliokaa benchini walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshafika pia Zanzibar.

Binamu yake ni mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano vya dakika tisini, wenye mbinu nne: kupumua na kutuliza mwili, kutatua tatizo, kurudi kidogokidogo kwenye shughuli, na kujenga upya msaada wa watu wa karibu. Ulijaribiwa Peshawar nchini Pakistan, na Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii.

*Muda na mfundishaji.* Siku nane hadi kumi za darasani, kisha mazoezi kwa watu halisi chini ya uangalizi. Vitabu vya ule mpango wa vikao vitano ni bure. Mfundishaji lazima awe na taaluma ya saikolojia au uuguzi wa akili.

*Anayefaa.* Wachache waliochujwa, watu wazima wanaoaminika na wasiopeleka maneno. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni chaguo la asili, hasa tangu serikali ilipozindua mpango wao jumuishi mwaka 2024. Usimchukue mtu kwa sababu ni mke wa mwenyekiti. Siri ikitoka mara moja tu, benchi limekufa.

*Baada ya mafunzo.* Usimamizi wa kila wiki, ana kwa ana au kwa simu. Bila huo, usianze. Mshauri husikia ubakaji, vipigo, ndoa zilizooza, na kesho anakutana na wahusika bombani.

*Mipaka.* Ni kwa sonona na wasiwasi wa kawaida. Mwenye kuona maono, mwenye kifafa au aliye kwenye hatari ya kujiua lazima apelekwe mbele. Na kuna aibu ya kuonekana: kijijini kila mtu anajua ukikaa kwenye benchi lile unatafuta nini, mpaka watu walizoee.

4. Kiongozi wa kikundi cha tiba ya mahusiano

*Inafundisha nini.* Njia hii ilijaribiwa mwaka 2002 katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka kusini mwa Uganda, mahali UKIMWI ulipopita kama moto wa nyika. Watu wa jinsia moja wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na mwenyeji aliyesoma sekondari tu na kufundishwa wiki mbili. Mazungumzo yanazunguka mambo manne: kufiwa, ugomvi, maisha kubadilika, na upweke. Kabla, asilimia 86 ya walioingia vikundini walikuwa na sonona kamili; baada ya wiki hizo walibaki asilimia 6.5. Kwenye vijiji visivyo na vikundi, walitoka asilimia 94 hadi 54.7.

Ninazisoma habari za vijiji vile nikifikiria Njombe, mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, juu kuliko mikoa yote. Watoto tuliowalea na bibi zao sasa ni wazazi. Kufiwa hakukuisha dawa zilipofika.

Katika kikundi nilichokiongoza, kwa wiki tatu hakuna aliyelia wala kusema la maana. Walizungumzia bei ya mbolea. Wiki ya nne mama mmoja akasema, "Mimi tangu mume wangu afe, sijawahi kupika ugali wa mtu mmoja nikaumaliza." Wengine wakaitikia, na mmoja akamwambia, "Dada, basi Jumapili njoo tule kwangu." Mimi sikusema neno. Kazi ya kiongozi wakati ule ni kunyamaza, na ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyofundishwa.

*Muda na mfundishaji.* Wiki mbili kwa kiongozi. Toleo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2016 limefupishwa hadi vikao vinane.

*Anayefaa.* Mtu mwenye subira, wa jinsia na rika la kikundi. Kwa kuwa VICOBA na jumuiya ndogondogo tayari hukutana kila wiki, mlango upo wazi. Ila msichanganye kikao cha hisa na kikao cha majonzi. Mwenye deni hatafungua moyo mbele ya mweka hazina.

*Baada ya mafunzo.* Msimamizi kila wiki au kila wiki mbili. Kiongozi mmoja anahudumia watu kumi kwa pamoja, hivyo gharama kwa kila mtu hushuka.

*Mipaka.* Wanaume ni wagumu kuja, hasa mahali ambapo jioni ya mwanamume ni kilabu cha ulanzi. Vikao vya faragha vinamfaa zaidi aliyebakwa au anayepigwa nyumbani. Na mtu akihamia Tunduma katikati, kikundi kinatikisika.

Ukishapima hali yako

Kama ninyi ni umoja wa bodaboda au makondakta wa barabara kuu ya Mbeya–Iringa, siku moja ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia itatumika ndani ya mwezi huohuo. Iunganisheni na mafunzo ya kuzuia damu, mfanye zote kwa pamoja.

Shule ya bweni, chuo au kampuni ya mbao yenye usafiri wa kufika hospitali ya mkoa ina haki ya kuchagua njia ya pili. Fundisheni matroni na mpishi pia, kwa sababu mwanafunzi anayeacha kula huonekana kwanza jikoni.

Kama zahanati yenu ina muuguzi anayekubali kupigiwa simu kila Ijumaa, na mna wahudumu wa jamii watatu au wanne wenye vifua vya siri, fikirieni benchi. Muuguzi huyo akiwa na mpango wa kuhama, subirini mwingine.

Kijiji chenye wajane wengi, vijana waliofiwa na wazazi wote wawili, na desturi hai ya kukutana, kina udongo wa njia ya nne. Pangeni vikao visigongane na palizi.

Mkiwa na fedha kidogo sana, laki mbili tatu za kikundi, msitawanye. Sisi tulimpeleka mafunzoni mtu mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye watu walikuwa tayari wanakwenda kwake usiku bila kuitwa, na fedha iliyobaki tukaiweka kwenye bahasha kwa mweka hazina: nauli ya mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi.